Mjadala: Je, ilikuwa sawa kumfukua, kumkata na kumwonyesha Mtakatifu Teresa wa Avila?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mei 2025, kwa wiki mbili, jeneza la Mtakatifu Teresa wa Avila (au Teresa wa Yesu), mtawa na mwandishi wa karne ya 16, lilifunguliwa kule Alba de Tormes, Hispania, watu wakapanga foleni kumtazama. Mara ya mwisho ilikuwa 1914. Wapo waliofurahi, wapo waliosema marehemu anadhalilishwa. Mimi ni Mkatoliki, nampenda sana mama huyu, na nasema haikuwa sawa.

Alifariki hapohapo Alba usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582 (usiku ule kalenda ilibadilishwa, kesho yake ikawa tarehe 15). Alipoulizwa kama angependa akazikwe Avila kwao, alishangaa: kwani nina kitu cha kwangu mimi? Hapa hawatanipa udongo kidogo?

Udongo wenyewe hakukaa nao mwaka. 1583 alifukuliwa, mwili ukakutwa haujaoza, na Padre Gracián, mkubwa wake katika shirika lao la Wakarmeli Peku, akakata kiganja cha kushoto na kujiwekea kidole kimoja. 1585 mwili ulihamishwa kwa siri kwenda Avila, masista wa Alba wakaachiwa mkono mmoja wa kuwafuta machozi, hadi Papa alipoamuru arudishwe. Leo mguu wa kulia uko Roma. Kile kiganja alichokata Gracián kiliishia mji wa Ronda, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipokuja kikaangukia kwa Jenerali Franco, aliyekaa nacho mpaka alipokufa 1975. Mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara na kujifungia kwenye sala, kiganja chake kikae kwa dikteta karibu miaka 40!

Tena angalieni hili. Kitabu cha maisha yake kilichukuliwa na Inkwizisheni, ile mahakama ya kuwasaka wazushi, mwaka 1575. Alikufa hajakiona kimechapwa, kilitoka 1588. Kiganja chake kilitembea miaka mitano kabla ya maneno yake. Na balozi wa Papa, Filippo Sega, alishamwita mwanamke asiyetulia, mzururaji, mkaidi. Akiwa hai aliambiwa anyamaze, alipokufa wakamgombania.

MCHANGO WA KWANZA

Milele amina. Ndugu yangu, hapo umechanganya watu. Aliyemtukana ni Sega. Gracián alimtetea, na baadaye yeye mwenyewe alifukuzwa shirikani. Hao si watu wamoja.

Masalia, yaani mabaki ya watakatifu yanayoheshimiwa, si jambo la jana. Soma 2 Wafalme 13: maiti ilipogusa mifupa ya Elisha, ikafufuka. Wakristo wa kwanza walikusanya mifupa ya mashahidi kwa heshima kuu. Na kaburi lilipofunguliwa Agosti 2024, wataalamu waliona vimiiba vya mifupa miguuni mwake. Mwanamke huyo alianzisha monasteri 17 akizunguka Hispania kwa mikokoteni, kumbe kila hatua ilimuuma! Mimi mwenyewe naumwa visigino. Habari hiyo ilinipa nguvu kuliko mahubiri mengi.

MCHANGO WA PILI

Mimi nina swali moja tu kwa wote wawili. Monasteri yake ya kwanza, San José ya Avila, mwaka 1562, aliiwekea ugo na mapazia ili masista wasitazamwe. Kwa nini ugo huo uheshimiwe kwa walio hai tu?

MWANZISHA MADA

Dada, umesema nililoshindwa kulisema.

Na wewe ndugu, kuhusu Gracián nakubali, nilikosea kumweka kundi moja na Sega. Alimpenda kweli. Lakini ndiyo maana naumia zaidi, kwa sababu aliyemsikia na kumwelewa kuliko wengi ndiye aliyeshika kisu. Masalia siyapingi, nguo yake, barua zake, hata mwili mzima kaburini, nitapiga magoti. Na maumivu yake aliyaandika mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, wala hatukuhitaji kumfungua ili tumwamini. 1970 Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa (cheo cha watakatifu wenye mafundisho makubwa), mwanamke wa kwanza kabisa, kwa sababu ya maandishi yale.

Kaburi lile linafunguliwa kwa funguo 10: za masista wa Alba, za ukoo wa Duke wa Alba, za Mkuu wa Wakarmeli Peku aliyeko Roma, na mmoja wa mfalme. Mngekuwa ninyi mnashika mmojawapo, mngeutoa? Mimi nisingeutoa. Nasubiri michango.