Lubugo kwenye picha za Michael Armitage: ni chanzo cha kazi au ni pambo la kuuzia?

Mleta mada

Wakuu, ubishi huu umerudi kila mara tangu Michael Armitage aonyeshe kazi zake Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 2021. Tuumalize hapa kwa hoja. Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea Slade, shule ya sanaa ya London, na baadaye shule za Royal Academy yenyewe. Hachorei turubai la pamba wala la kitani. Anachorea lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Buganda, Uganda. Wakosoaji wanasema lubugo ni nguo ya kuzikia na ya sherehe za kifalme, na kuitundika London ni kuwauzia wageni uasili. Mimi nasema lubugo ndiyo inayouongoza mkono wake, na anayebisha aanze kwa kuutazama uso wa picha kabla ya kusoma maelezo ya ukutani.

Gome huvunwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba lipone na kuvunwa tena. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao chini ya banda la wazi ili lisikauke upesi. Linatanuka, linalainika, rangi inageuka kuwa ya udongo wa kuchoma. Kinachotoka hakiko sawa kote. Palipokuwa na kifundo cha tawi pana tundu, palipochanika pameshonwa, huku nene, kule nyembamba. Armitage hupaka rangi ya mafuta, akakwangua, akapaka tena, na tundu linabaki tundu. Mwenye turubai la dukani anaweka sura ya mtu popote anapotaka. Kwenye lubugo, ukiweka jicho la mtu juu ya mshono, mtazamaji ataona mshono kwanza, jicho baadaye. Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza mchoraji ameshaamuliwa mambo mengi na kitambaa. Pambo halimwamulii mchoraji kitu.

Mpinzani

Ndugu mleta mada, ufundi umeueleza vizuri, swali umelikwepa. Kitambaa ni cha Buganda, habari anazochora nyingi ni za Kenya. Mwaka 2017 alifuatana na waandishi wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na humo zikatoka picha zilizoonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2019. Uhuru Park na mutuba vinahusiana nini? Kilichoviunganisha ni mtazamaji wa Ulaya ambaye kwake Nairobi na Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, ni mahali pamoja.

La pili ni kibao cha maelezo. Kinaandikwa "rangi ya mafuta juu ya lubugo", basi. Kazi hii ina wenyewe: mafundi wa ukoo wa Ngonge wa Baganda, chini ya kaboggoza, yaani fundi mkuu wao, na UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Jina la nyumba ya sanaa inayouza kazi za mchoraji halikosekani. La aliyepiga gome silioni.

Halafu chukua picha yake #mydressmychoice ya 2015. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani Nairobi, wanawake wakaandamana. Armitage akamlaza mwanamke uchi, mgongo kwetu, kwa mkao wa Zuhura (Venus, mungu wa kike wa mapenzi) aliyechorwa na Mhispania Velázquez na aliyeko National Gallery, London, na juu yake safu ya miguu na viatu vya wanaume. Amevuliwa mara ya pili, safari hii kwa wanaolipa kiingilio.

Wa Pwani

Mpinzani, hapo kwenye umiliki twende taratibu. Lubugo ilipungua karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu ilipofikisha nguo za pamba Buganda. Misafara hiyo ilitokea kwetu Pwani. Kanga nayo, tunayoiita yetu, ilichapwa kwa miaka mingi Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Kitambaa cha Afrika Mashariki hakijawahi kukaa nyumbani.

Mlinganishe Armitage na mchoraji Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Mama yake alikuwa mbunifu wa nakshi za nguo. Himid haazimi kanga kama kitambaa, anaazima mpango wake: pindo, mji, na maneno yanayomsemesha mtu moja kwa moja. Mpango huo unafanya kazi hata kwenye karatasi au bendera. Mimi naona hapo chanzo kimeingia ndani zaidi kuliko kwa Armitage, kwa sababu ukimnyang'anya Himid kitambaa, kanga inabaki.

Mhifadhi picha

Nina la ufundi, maana mnajadili lubugo kama wazo tu.

Mafuta ya mbegu za kitani yakigusa nyuzi moja kwa moja, yanapokauka kwa kuvuta oksijeni yanazalisha asidi, na nyuzi za mmea zinakuwa kavu za kukatika. Kwa hiyo kitambaa kinazibwa kwanza. Gundi ya ngozi inafaa kwenye kitani, lakini hunyonya unyevu, ikivimba na kusinyaa. Kwenye gome lenye unene usio sawa, utando mwepesi wa akriliki ni salama zaidi. Tabaka la kwanza la chaki na gundi usilithubutu, litapasuka kitambaa kikilegea. Kuvuta kwenye fremu anza katikati ya kila upande kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa sababu nyuzi zina nguvu kufuata urefu wa shina na ni dhaifu kwa upana. Ukivuta kwa nguvu ya turubai, tundu linafunguka. Rangi nene isikae juu ya mshono: mshono unacheza, rangi iliyokauka haichezi, nyufa zinaanzia hapo. Baada ya hayo ni unyevu wa hewa karibu asilimia 50 bila kuyumba.

Mchoraji anayetaka pambo tu asingejitwisha mzigo huu. Kuna njia rahisi za kuonekana Mwafrika.

Mleta mada

Ahsante mhifadhi. Mpinzani, kuhusu Uhuru Park: katika picha ya The Fourth Estate ya 2017 watu wamepanda mti kutazama mkutano, na mpangilio wa tawi lile unatoka kwa mchoraji Goya. Kwa hiyo kuna Mhispania, kuna Nairobi, kuna gome la Uganda, hakuna anayejificha. Armitage mwenyewe amesema lubugo inaipa picha mahali na papo hapo inaitikisa. Kutofungamana kwa lubugo na Kenya ndiko anakokutaka.

Suala la kibao nakubali bila masharti. Jina la fundi, mahali gome lilipovunwa, mwaka. Makumbusho huandika hata aina ya mbao ya fremu ya zamani, haya hayawashindi.

Mpinzani

Kibao tumekubaliana. Goya nakuachia. Yule mwanamke wa #mydressmychoice hujamjibu, wala mhifadhi hajamjibu, na lubugo haimjibu. Aliyeandamana Nairobi alitaka mwili wa mwenzake usitazamwe bila ridhaa yake. Nionyesheni mahali kwenye picha ile ambapo ridhaa hiyo imeombwa.

Wa Pwani

Hakuna mahali imeombwa. Ila tazama viatu: vimewekwa juu kabisa, sura za wenye viatu zimekatwa, na sisi tumesimama upande wa pili wa mwili, tukikamilisha duara. Mimi nasoma kwamba picha inatushtaki pamoja nao. Kama shtaka hilo linatosha kuhalalisha uchi ule, hapo bado sijaridhika.