Canon 4000D mpya au Nikon D3400 iliyotumika? Ni kwa picha za nyumbani tu

MamaNasra_Tanga
Wakuu, salaam. Mimi si mpiga picha wa kazi, harusi na kitchen party nawaachia wenyewe. Nina binti wa miaka minne asiyetulia hata sekunde, na bibi yake anayekaa barazani jioni wakati mwanga unakatika. Simu yangu ikifika hapo, picha inatoka kama imepakwa mafuta ya nazi. Nimejibana nimefikisha laki nane. Kuna duka lina Canon 4000D mpya, boksi halijafunguliwa. Kuna kaka anauza Nikon D3400 na lenzi yake ya 18-55, ameitumia miaka mitatu. Mume wangu anasema kipya ni kipya. Nisaidieni kabla hajashinda.

Kibadeni88
Shemeji yuko sahihi. Cha mtu kina siri. Chukua 4000D.

MzeeWaShangani
Dada, hiyo 4000D nimewahi kuishika. Pale lenzi inapojifunga ni plastiki, si chuma. Halafu haina kile kigurudumu cha kurekebishia macho kwenye kitundu cha kuchungulia. Mimi mvaa miwani niliona kila kitu kama kiko nyuma ya pazia. Inatoa megapikseli 18, ile Nikon 24. Si kitu sana, lakini kwa nini ulipie upya wa boksi?

D3400 nayo ina jambo lake: bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya fokasi. Ukiuziwa lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D, utazungusha fokasi kwa mkono, na Nasra hatakusubiri. Tafuta AF-S au AF-P, hizo zina mota yake ndani.

Tena bodi siyo itakayokuokoa barazani. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la mwanga linabana kwenye f/5.6 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Lenzi ya 35mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Hapo unaweza kuweka shata 1/250 ya sekunde mtoto akikimbia. Kwa 1/60 utampata ana mikono minne. Watu watakwambia ununue 50mm. Nzuri, lakini kwenye sensa hizi ndogo (kile kipande kinachonasa picha) inakata picha kama 75mm, na sebuleni utarudi nyuma mpaka ugonge kabati.

Sasa ukaguzi. Tanga ni kama kwetu Unguja, adui ni ukungu, yaani kuvu. Lenzi yangu ya kwanza niliiacha kabatini ndani ya mkoba wa ngozi masika nzima. Kuitoa, ndani ya kioo kuna nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Bado ninayo, sina hata wa kumpa. Kwa hiyo ivue lenzi, imulike kwa tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Usione haya, muuzaji akikasirika ujue kuna neno.

Piga na picha moja palepale, uichukue kutoka kwenye kadi yenyewe. Nikon huandika ndani ya faili shata imefunguka mara ngapi. Usikubali akutumie kwa WhatsApp, huko maelezo hayo yanafutwa.

Kibadeni88
Mzee, lakini hata Canon na Nikon wenyewe siku hizi wanakazania kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless).

MzeeWaShangani
Ndiyo maana hizi za kioo zimeshuka bei, kijana. Mwache dada afaidi.

MamaNasra_Tanga
Mrejesho. Nilienda Jumamosi na tochi. Shata elfu kumi na moja na ushee, bodi safi. Ila lenzi, pembeni kabisa, ule utando wa buibui! Yule kaka mwenyewe hakuwa anajua, alibaki ameduwaa. Tumekubaliana nimechukua bodi, chaja na betri mbili, lenzi imebaki kwake. 35mm naifuata Dar wiki ijayo. Mume ameshaanza kuiita "kamera yetu".

Nimeshanunua na ndoo ya mfuniko wa kubana, ya kuihifadhia isipate unyevu. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, vikishajaa unyevu navianika juani?

MzeeWaShangani
Jua la pwani lina unyevu wake, utajisumbua. Vitupe, uombe vingine duka la viatu. Wao wanavitupa kila siku.