Tupeane uzoefu: kipigo cha nyumbani Arusha na Moshi, nini kinasaidia kweli?

Kila mara kwenye makundi ya mtaa inapita picha ya mama kavimba uso, chini yake "tumuombee". Sawa, tuombe. Ila wanaojua taratibu waandike hapa.

Mama Sanawari: PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi. Polisi wanaitoa bure. Hali ikiwa mbaya nenda moja kwa moja hospitali, Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi, fomu ifuate. Daktari akishaijaza, ipige picha pande zote kabla haijarudi polisi, na namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, iandike sehemu mbili. Kesi nyingi zinafia hapo: fomu haionekani, RB hakuna anayeikumbuka. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usijieleze kaunta foleni nzima ikisikiliza.

Mpangaji: Hiyo ya picha muhimu sana.

Mzee wa Kibosho: Mnakimbilia polisi wakati kikao cha ukoo kipo. Anaitwa, anatozwa, maisha yanaendelea. Akifungwa watoto watakula PF3?

Binti Majengo: Shikamoo mzee. Faini inaliwa na wajumbe, mama anarudi kulala na mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake.

Mzee wa Kibosho: Marahaba. Sheria haipiki ugali.

Nesi Mstaafu: Mnabishana na kubwa hamjaligusa: kukabwa shingo. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama hata moja nje. Sikiliza sauti kama imekwaruza, tazama anavyomeza mate, chungulia weupe wa macho kama una vidoti vyekundu. Muulize kama alijikojolea au kuna muda haukumbuki. Mshipa wa shingoni ukichanika kwa ndani damu inaganda, na kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye mtu yuko zake anafua. Usimpe panadol akalale, apelekwe siku hiyo hiyo na atamke "nimekabwa". Akisema "tuligombana kidogo", PF3 itaandikwa michubuko basi. Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Kama kabakwa, asioge, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, nailoni inaziozesha. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, anameza siku 28.

Mpangaji: Vidoti vya macho! Mama yangu.

Dada Njiro: Bila alama polisi watakubali?

Nesi Mstaafu: Mrekodi sauti leo na wiki ijayo. Michubuko nayo ipigwe picha tena siku ya pili na ya tatu, ndipo inapoiva.

Boda Kilombero: Majirani, msiamulie mikono mitupu, muamuzi ndiye anayechomwa kisu. Gongeni mabati mkiwa wengi, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, pigeni 112. Mtungi wa gesi ukiwa kibarazani uondoeni, nyumba ya kupanga ikishika moto haichagui chumba. Na mama akihama jamaa anamfuata mpaka kwenye meza yake sokoni. Hapo wateja nao wamo hatarini.

Mpangaji: Atoroke usiku jamaa akikoroma.

Binti Majengo: Usiku hapana! Siku ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko zote. Aondoke saa nne asubuhi jamaa yuko kazini, watoto wapitiwe shule. NIDA, vyeti vya kuzaliwa na cheti cha ndoa vitangulie kwa mtu wa kanisani au msikitini, siyo kwa wifi. Abadili namba ya siri ya M-Pesa, na akaunti ya Google aitoe kwenye simu ya mume, wengine wanafuatwa kwa ramani. Msaada wa kisheria Moshi kuna KWIECO, Arusha TAWLA.

Baba Tatu: Na sisi tunaopigwa?

Nesi Mstaafu: PF3 haina jinsia, baba. Nenda.

Mzee wa Kibosho: Haya, talaka ikitoka, kihamba, shamba la ukoo la baba yangu, nacho mtagawana?

Binti Majengo: Kihamba cha urithi ni chako, mzee. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa nguvu ya wote wawili inahesabika, na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, ilikubali kazi za nyumbani ni mchango. Ila aanzie baraza la usuluhishi la kata apewe hati kwamba usuluhishi umeshindikana, bila hiyo kwa kawaida mahakama inamrudisha. Na risiti za saruji azitunze.