Kujua bei ya nyumba: tovuti, dalali au mthamini?

Muuzaji2: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuuza nyumba. Tovuti mbili za makadirio zimenipa bei zilizopishana mno, na nyumba ni ileile. Dalali naye ana yake. Mthamini anataka alipwe kwanza. Nishike ipi?

FundiRula: Tovuti haijaingia ndani kwako, mkuu. Inasoma kumbukumbu tu: ukubwa, vyumba, mwaka wa ujenzi, kodi, na bei za nyumba zilizouzwa jirani. Dari lenye doa la maji haliioni, wala jiko ulilolijenga upya. Tena tovuti mbili zinaweza kuchagua majirani tofauti kabisa wa kukulinganisha nao.

Bi_Hesabu: Tuangalie namba. Zillow, kampuni ya Marekani yenye tovuti ya bei za nyumba, walioanza makadirio yao mwaka 2006, hutangaza kiwango chao cha kukosea: takriban asilimia 2 kwa nyumba zilizoko sokoni na 7 kwa ambazo haziko. Wengi huidhania hiyo 7 kuwa ndiyo mwisho wa kukosea. Sivyo! Ni kosa la katikati, yaani nusu ya nyumba hukosewa zaidi ya hapo. Kwa nyumba ya dola 400,000, asilimia 7 ni dola 28,000. Na hiyo 2 isikutie moyo sana, kwa sababu ukishatangaza bei yako, programu nayo inaiona na kuisogelea.

Kiwanja_Kona: Hata wenyewe yamewakuta. Spencer Rascoff akiwa mkurugenzi mkuu wa Zillow aliuza nyumba yake Seattle mwaka 2016 kwa dola milioni 1.05, wakati makadirio ya kampuni yake yalikuwa zaidi ya milioni 1.7. Mwaka 2021 wakafunga kitengo cha kununua na kuuza nyumba, baada ya kununua nyingi kwa bei ya juu kuliko walivyotarajia kuziuza.

Muuzaji2: Basi nimsikilize dalali?

Kiwanja_Kona: Msikilize, ila akuoneshe ushahidi. Wapo wanaotaja bei tamu ili usaini mkataba, halafu baada ya wiki chache wanakuomba ushushe. Mwambie akupe orodha ya nyumba *zilizouzwa* karibuni. Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji tu.

Bi_Hesabu: Hapo dalali ana faida moja kubwa. Kuna sehemu, kama jimbo la Texas, ambako sheria hailazimishi bei ya mauzo iwekwe wazi. Dalali mwenye kumbukumbu za soko anaijua.

FundiRula: Mthamini mlipe kama kuna urithi, talaka, au nyumba yako haina mfano wake mtaani. Kwa mauzo ya kawaida mimi nisingeanza naye, maana mnunuzi akikopa, benki itataka uthamini wake yenyewe.

Muuzaji2: Nimefungua taarifa za nyumba yangu kwenye tovuti sasa hivi. Wameandika bafu moja, yapo mawili!

FundiRula: Rekebisha hilo leo, mkuu. Wanunuzi nao wanasoma ukurasa huohuo kabla hawajakupigia simu.