Tupeane uzoefu: pikipiki kubwa za upepo na foleni za Dar, joto limewahi kukufanya nini?

Mzigo wa V
Wakuu, habari za jioni. Leo nimekwama pale Mwenge kuelekea Morocco, jua la saa nane, mbele lori la mchanga, kulia daladala, kushoto mtaro. Pembeni yangu jamaa kashuka kabisa kwenye dude lake la silinda mbili, kavua helmeti, anaipepea miguu yake kwa kipande cha boksi. Hatukusemeshana. Nilimwelewa.

Ukiwa na pikipiki la safari la upepo, yaani injini yake inapozwa na hewa badala ya maji, ukaondoka saa kumi alfajiri, ukashika Chalinze hadi Morogoro, hakuna raha inayofanana na hiyo duniani. Injini imetulia, mlio mzuri, upepo unapita. Rudi nalo mjini mchana ndiyo utajua injini inatoa joto kiasi gani, maana linakuja lote mapajani.

Sizungumzii boda. Nazungumzia haya makubwa, cc 1100 kwenda juu, yasiyo na rejeta. Joto limewahi kukufanya nini, na unajitetea vipi? Tiririkeni.

Mtu wa Tegeta
Umenikumbusha mbali. Jinzi zangu zote zimebadilika rangi ndani ya goti la kulia.

Mgeni wa Juzi
Samahani wakuu, kulanti, yale maji ya rejeta, mnaweka wapi?

Mzigo wa V
Hakuna kulanti mkuu. Ndiyo mada yenyewe.

Fundi Gerezani
Nielezee kidogo, maana watu wanadhani joto ni ubovu.

Injini ya upepo inapozwa na vitu viwili: yale mapezi ya nje ya silinda, na oili inayozunguka ndani. Mapezi yanahitaji hewa inayotembea. Pikipiki likisimama, hewa imesimama. Zile Volkswagen za zamani nazo zilikuwa za upepo, lakini zilikuwa na feni inayozungushwa na mkanda, ikipuliza hata gari limesimama. Vespa nayo ina feni yake. Haya makubwa mengi hayana. Feni yake ni mwendo wako.

Sasa angalia Harley. Silinda mbili zimepangwa V ya nyuzi 45, moja mbele, moja nyuma. Ya mbele inapata upepo, ya nyuma inapata hewa iliyokwishapashwa na mwenzake, na iko katikati ya mapaja yako. Ndiyo maana wengi wanalalamikia paja na siyo ugoko. BMW za zamani za silinda zilizotoka kulia na kushoto zina nafuu, kila silinda imetokeza nje na kupata hewa yake. Hata hivyo kwenye foleni nazo zinasimama bila upepo kama wengine.

Halafu kuna masega kwenye ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi. Yale yanafanya kazi yakiwa ya moto sana, na kwenye baadhi ya matoleo yako karibu kabisa na mguu. Juu yake weka kwamba mashine za sasa zinatoka kiwandani na mchanganyiko wa petroli ya kubana, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi, ili moshi upite vipimo vya mazingira. Mchanganyiko huo unawaka kwa joto kali kuliko ule wenye petroli nyingi kidogo.

Kwa hiyo ukisimama Ubungo injini inanguruma tu, usishangae.

Boda wa Sinza
Nyie mabosi mnadeka. Mimi na 150 yangu niko foleni tangu asubuhi mpaka usiku, ya upepo hiyohiyo, haijawahi kulalamika. Uzeni hayo madude mnunue boda.

Kobe la Chuma
Mkuu, unalinganisha injini ya cc 150 na ya cc 1700. Kila petroli inayochomwa, sehemu kubwa inageuka joto, haigeuki mwendo. Halafu wewe husimami! Unapita katikati ya magari, unapanda mpaka kwenye ukingo wa barabara. Sisi tuna masanduku pembeni, hatupenyi pale.

Boda wa Sinza
Toa masanduku.

Kobe la Chuma
Safari ya Mbeya nibebe nguo kichwani?

Mzigo wa V
Wakuu turudi kwenye mada. Nani ana kisa?

Mama Wawili
Mimi siendeshi, nakaa nyuma. Mume wangu ndiye mwenye pikipiki. Nimesoma hapa nimeona niandike, maana mnaongelea suruali na jinzi na mimi nilikaribia kuwa mjane.

Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro Jumapili. Mpaka Mlandizi safi kabisa. Kibaha foleni ikaanza, mbele tukaambiwa lori limelala. Jua kali, hakuna kivuli, magari mita mbili unasimama, mita mbili unasimama. Yeye kavaa jaketi jeusi la ngozi, limefungwa mpaka shingoni, kwa sababu huwa anasema ajali haichagui foleni. Maji tulikuwa tumemaliza. Nikamwambia tusogee pembeni tupumzike, akasema tukitoka hapa Kibamba tumemaliza.

Kuna muda nikaona hajibu. Tuna vile vifaa vya kuongea kwenye helmeti, nikamwita, kimya. Nikamgonga mgongoni. Akanijibu, "Tunakaribia Iringa, vumilia." Iringa! Tuko Kibamba! Nilipogusa shingo yake ilikuwa ya moto na kavu, hakuna hata jasho.

Nikamwambia kwa sauti, "Zima pikipiki!" Hakuzima. Mguu wake wa kulia ukateleza, tukaanguka upande wa kulia, taratibu kabisa, lakini dude lile ni kilo mia tatu na ushee. Vile vyuma vya kukinga injini ndivyo vilivyoacha nafasi, la sivyo mguu wake ungebaki chini. Ila wangu uligusa ekzosi. Sitasahau ule mlio.

Vijana wa boda walikimbia kutoka kila upande. Wawili wakainua pikipiki, mmoja akamkata jaketi mikono kwa kisu. Mama mmoja aliyekuwa anauza maji ya baridi alimwaga ndoo yake nzima juu ya mume wangu, maji yake ya biashara, hakuuliza nani atalipa. Akamfuta na khanga iliyolowa, wanampepea. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka zahanati. Jioni alianza kuongea sawasawa. Hakumbuki chochote kuanzia Mlandizi.

Yule mama nilirudi kumtafuta. Ni rafiki yangu hadi leo.

Mtu wa Tegeta
Pole sana shemeji. Nimesoma nimesimama.

Mchambuzi Huru
Chai hii. Mtu hawezi kuchanganyikiwa kwa joto la foleni, tungekuwa tunaokota watu kila siku Mbagala.

Kobe la Chuma
Mchambuzi, heshima. Mtu anakueleza yaliyomkuta unamwambia chai?

Muuguzi wa Zamu
Si chai. Hiyo inaitwa kiharusi cha joto. Joto la mwili linapita nyuzi 40, ubongo unaanza kuvurugika, mtu anaongea asichokijua. Wengine hawatoki jasho, wengine wanatoka, kwa hiyo usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini. Dar ni mbaya zaidi kwa sababu ya unyevunyevu: jasho linapoza likikauka, na hapa halikauki. Ongeza injini ya moto chini na jaketi jeusi la ngozi juu, umemaliza.

Yule mama muuza maji alifanya sahihi kuliko wengi wanavyofanya. Mpoze palepale kwanza: mtoe nguo, mwage maji mwili mzima, mpepee, baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Huku unatafuta usafiri wa hospitali. Aliyechanganyikiwa usimlazimishe kunywa, atapaliwa.

Mchambuzi Huru
Sawa, nimekubali maelezo ya daktari.

Muuguzi wa Zamu
Muuguzi.

Boda wa Sinza
Mama Wawili, hapo vijana wetu mmewaona. Pole mama. Na lile jeraha la ekzosi, dawa ya meno inatoa moto haraka.

Muuguzi wa Zamu
HAPANA. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana, unga hapana. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha funika na kitu safi.

Boda wa Sinza
Sisi tumepona na hiyohiyo Colgate miaka yote. Angalia miguu ya abiria wangu.

Mtu wa Tegeta
Abiria wako ndio wana makovu mkuu.

Mzigo wa V
Shemeji Mama Wawili, asante kwa kuandika. Mzee anaendesha bado?

Mama Wawili
Anaendesha. Jaketi sasa ni lile la wavu lenye vikinga vya mabega na viwiko, na fulana ya ndani tunailowesha kabla ya kuondoka. Foleni ikigoma tunakaa kivulini mpaka ipungue, hilo silijadili naye tena.

Kapteni Kigamboni
Mimi shida yangu ni pantoni. Unapanga foleni Magogoni, unasogea kidogo kidogo, ukiwasha na kuzima. Nikaamua nazima kila ikisimama. Siku moja betri ikagoma kabisa, V kubwa inakula umeme mwingi kuwaka, na ikiwa ya moto ndiyo inazidi kuwa nzito. Nilisukuma dude mpaka ndani ya pantoni huku watu wanapita wananitazama. Sasa napita darajani, nalipa, naondoka.

Fundi Gerezani
Kuzima ni sahihi ukijua utasimama zaidi ya dakika moja hivi. Ukisogea kila sekunde kumi usizime. Na usipige resi ukiwa umesimama ukidhani unapoza, unaongeza moto.

Baadhi ya Harley kompyuta yake inazima silinda ya nyuma yenyewe ikizidi joto mkiwa mmesimama. Mlio unabadilika, linatikisika, watu wananiletea wakisema plagi imekufa. Plagi nzima.

Dereva Mzoefu
Mimi namwagia maji injini ikichemka. Dakika mbili imepoa.

Fundi Gerezani
Acha hiyo mkuu. Chuma cha moto sana ukikimwagia maji baridi sehemu moja kinajikunja au kinapasuka.

Dereva Mzoefu
Mbona mvua inanyesha na hazipasuki?

Fundi Gerezani
Mvua unakuwa unatembea na injini imeshapozwa na upepo, na haimwagiki ndoo nzima mahali pamoja. Njoo nikuonyeshe hedi, kile kichwa cha silinda, iliyopasuka, ninayo hapa kwenye kabati.

Kobe la Chuma
Na oili? Mimi kuna mtu alinishauri niweke nyepesi ipite haraka.

Mtu wa Tegeta
Mimi niliambiwa niweke ya trekta.

Fundi Gerezani
Hao wawili wakutane. Mashine nyingi za namna hii, kwa joto letu, kitabu chake kinasema 20W-50, fuata kitabu. Kama una geji ya joto la oili, karibu na nyuzi 110 ni kawaida. Ikikaa juu ya 130 muda mrefu, oili inachoka mapema, ibadilishe kabla ya kilomita zake. Na ukisikia injini inanoki, yaani inagongagonga ndani, ukipanda mlima ikiwa ya moto, usiilazimishe, shuka gia, punguza mzigo.

Kuna feni ndogo ya umeme inafungwa pembeni ya silinda, na kuna kipoza oili chenye feni. Kwa anayeishi Dar, pesa yake ianzie hapo kabla ya ekzosi za makelele.

Mchambuzi Huru
Au nunueni ya maji tu mmalize. Harley wenyewe walileta hedi za kupozwa na maji mwaka 2014 kwenye baadhi ya matoleo ya safari, na BMW GS kubwa imehamia kwenye maji tangu 2013. Wao wamekubali, nyie mnabishana na fizikia.

Mzigo wa V
Ya maji nayo ina feni inayokupulizia joto miguuni ukiwa kwenye foleni, niulize mimi niliyowahi kuazima. Halafu rejeta ikitoboka Mikumi usiku utafanyaje? Ya upepo haina cha kuvuja zaidi ya oili.

Mchambuzi Huru
Na simba wa Mikumi atakukuta umekaa kivulini unasubiri injini ipoe.

Kapteni Kigamboni
Fundi, hiyo feni ya pembeni inakula umeme kiasi gani? Betri yangu umeshasikia habari zake.

Fundi Gerezani
Kidogo sana, na inafanya kazi injini ikiwa inawaka. Ila kwako nianze kupima chaji kwanza. Njoo siku ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, injini ikiwa ya baridi, sifungui mashine ya moto.