Hilux ya 2L: nifunge 3L, 5L au 1KZ?

Mkulima wa Uwemba
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux yangu ya zamani, injini imechoka, mlima haipandi tena. Fundi mmoja anasema nishushe injini nifunge nyingine ya Toyota, 3L, mwingine anasema 5L. Shemeji yangu yuko Dar, ameona injini ya 1KZ iliyotoka kwenye Toyota Surf, safi, na mwenye nayo anataka advansi wiki hii. Ipi bora?

Spana 17
Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Hilux ipi, ya mwaka gani, sasa hivi ina injini gani, foo wili au siyo? Una shilingi ngapi? Na imechoka vipi: inatoa moshi, inakula oili au inachemsha?

Mkulima wa Uwemba
Samahani. Ni LN105 ya 1992, foo wili, ina 2L ileile iliyokuja nayo. Nina milioni 6, ufundi humohumo. Natoa viazi Uwemba, Njombe, napeleka Makambako. Kutoka shambani ni tope tupu mvua zikianza.

Spana 17
Basi weka 3L. 2L ina sisi (cc, ujazo wa injini) 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986, lakini zote ni ukoo mmoja. Mauntingi zinakaa palepale, gia boksi yako inafunga bila kuguswa, pampu ni ya kawaida, haina kompyuta. Spea utazipata hata Makambako, maana ndizo injini za Hiace za dizeli.

Dizeli Tu
Ukishakodi winchi ya kushusha injini, kwa nini uishie 3L? Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 96. Kwenye 5L wamepanua silinda tu, kutoka 96 hadi 99.5. Ila soma maandishi kwenye bloku: uchukue 5L, siyo 5L-E. Hiyo ya pili pampu yake inatawaliwa kwa umeme, utaanza kusaka kompyuta na waya.

Mpanda Kitonga
Mimi hiyo ya 1KZ nimeifanya, ngoja nieleze.

Ilikuwa LN106. Injini niliinunua kwenye duka la mtumba, imetoka kwenye Surf KZN130. Muuzaji aliiwasha pale chini mbele yangu, ikaunguruma vizuri, nikalipa. Gia boksi hakunipa, kompyuta hakunipa, waya zote zimekatwa kwa kisu. Gia boksi yangu ikakataa kufungana nayo, nikanunua nyingine. Sampu, karai la oili chini ya injini, ikagusa difu la mbele, ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Kompyuta niliyoipata ilikuwa ya gari la otomatiki, taa ya injini ikawaka miezi mitatu.

Lakini lile gari lilivuta, jamani. Mlima Kitonga nilikuwa napanda na gia ya tatu nina mzigo, nayapita malori moja baada ya jingine. Nikasahau hasara yote.

Kosa tulilofanya ni kubakiza rejeta ya zamani. Hedi (kichwa cha injini) ya 1KZ ni ya aluminiamu na haivumilii kuchemka hata mara moja. Safari ya nne nilipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, vya watu, siyo vyangu. Nimeumaliza mlima, naitafuta Ilula, mshale wa joto ukapanda. Nikajipa moyo kwamba mbele ni tambarare utashuka wenyewe. Haukushuka. Hedi ilipasuka, nikalala barabarani siku mbili na mvua inanyesha juu ya turubai. Mwenye vitunguu nilimlipa kidogo kidogo karibu mwaka mzima.

Ukitaka 1KZ, nunua nosi kati kamili, yaani sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa: injini, gia boksi, waya, kompyuta, rejeta, vyote kutoka gari moja. Injini peke yake usiiguse.

Baridi ya Makete
Pole sana, mkuu. Ila tumtendee haki na mkulima. Njombe iko juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza nguvu huku. 3L aliyoijaribu mtu wa Tanga siyo 3L ya Njombe. Mimi ningefunga 3RZ ya petroli, sisi 2693, asubuhi ya barafu inawaka kwa ufunguo mmoja.

Dizeli Tu
Petroli kwa kubeba viazi? Faida yote itaishia sheli.

Baridi ya Makete
Plagi za joto zikiwa nzima dizeli inawaka, nakubali. Zikifa mbili, utasukuma gari na watoto wa shule.

Mama Mbao Mafinga
Jamani, namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe na kadi, na kwa muuzaji dai risiti yenye namba hiyo. Mume wangu hakufanya hivyo, tukakwama siku ya kuuza.

Spana 17
Mkulima, bado hujajibu. Inachemsha? Unabeba kilo ngapi?

Mkulima wa Uwemba
Mlimani inachemsha, nasimama naimwagia maji. Moshi ni mweusi. Oili sioni ikipungua. Nabeba lumbesa 15, yale magunia ya kujazwa kupita mdomo.

Spana 17
Kumi na tano! Lumbesa ya viazi haishuki kilo 120. Hapo una tani 1.8 kwenye gari la tani moja, na 5L nayo utaiua. Halafu kama oili haipungui, injini yako huenda bado nzima. Moshi mweusi ni nozel, pampu au filta ya hewa. Rejeta ikasafishwe, nozel zipimwe, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujatuma hata shilingi Dar.

Dizeli Tu
Na gunia kisheria lisizidi kilo 100. Mnakubalije kujaziwa lumbesa?

Mkulima wa Uwemba
Tutafanyaje, ndugu yangu? Ukikataa, mnunuzi anavuka tuta anaenda shamba la jirani. Viazi vimeshachimbwa, havirudi ardhini.

Mama Mbao Mafinga
Mkiwa na ushirika na mzani wenu, atavuka matuta mangapi? Huko Uwemba hamna chama?

Mkulima wa Uwemba
Kilikuwepo, dada. Ni habari ndefu. Mwenye 1KZ kapiga simu tena sasa hivi, anataka jibu kesho.

Baridi ya Makete
Anayejua pa kupima nozel hapa Njombe aseme, au ni mpaka Mbeya?

Spana 17
Kompresheni umeshapima?