Gurudumu la mizigo: rimu ya chuma au ya alumini?

Mwanzisha mada, Busia:
Ndugu zangu, kikundi chetu cha akiba kimekubali kuwakopesha wanachama pesa za kubadilisha gurudumu la nyuma la baiskeli, kwa sharti kwamba wote tununue aina moja. Vijana wanataka alumini. Mimi napinga, na ninaomba tubishane hapa kabla ya kikao cha Jumamosi. Sisi tunabeba maji: madumu matano ya lita 20 ni kilo 100 juu ya karia. Rimu ya chuma yenye spoki 40, zile njiti za waya, ikiingia shimoni inapinda, fundi anaigonga kwa nyundo, jioni umerudi kazini. Ya alumini ikipasuka kwenye tundu la spoki, ni ya kutupa.

Mchangiaji, Tororo:
Kaka, umesahau mvua. Chuma chenye kromu kikilowa, breki inateleza tu; ya alumini inashika. Tena chuma kinaota kutu. Rimu yangu ililiwa kwa ndani, nikagundua siku tairi lilipochomoka nikiwa na mikungu mitatu ya matoke. Namshukuru Mungu nilikuwa nasukuma, sikuwa nimepanda.

Fundi, Mbale:
Wanangu, magurudumu mengi ninayoletewa rimu yake ni nzima. Kilichokatika ni spoki, na hukatika pale inapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Watu husema ni uzito. Uzito upo, lakini chanzo ni kulegea. Spoki ikifika chini, mzigo unaipunguzia mvuto; ikipanda, inavutwa upya. Iliyolegea inachezacheza hivyo kila mzunguko, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Iliyokazwa vizuri haifiki kulegea kabisa, ndiyo maana inadumu. Gurudumu jipya likishabeba mzigo siku chache, lirudisheni likazwe tena. Wachache sana hurudi, na hilo linaniuma.

Kuhusu alumini: kwa umbo na unene uleule, hunepa karibu mara tatu ya chuma. Anayeitaka achukue yenye kuta mbili, yaani yenye uwazi katikati kama boksi, siyo ile ya ukuta mmoja. Na kabla hamjalipa, pimeni. Baiskeli zetu za mizigo nyingi huvaa tairi la inchi 28 la zamani, linalokaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Rimu nyingi za alumini zinazoitwa 28 ni za milimita 622. Tairi lako halitakaa. Breki za fimbo nazo hubana rimu kwa ndani, upande wa spoki, wakati za alumini zinataka breki ya kubana ubavuni.

Mwanzisha mada, Busia:
Mzee, asante sana. Hapo kwenye tairi na breki ndipo hesabu ya vijana inapovunjika, maana mkopo ni wa gurudumu peke yake. Nabaki na chuma. Ila nitaomba mkopo uhesabu spoki mpya 40 na ujira wa fundi wa kukaza mara mbili.

Mchangiaji, Tororo:
Na kutu je? Mtu akinunua chuma, nani atamlinda?

Fundi, Mbale:
Apake rangi ndani ya rimu kabla ya kuvisha tairi, hasa kuzunguka matundu ya spoki. Kila tairi likitoka, aangalie.

Mchangiaji, Tororo:
Sawa, mzee. Lakini breki ya mvua bado hamjanijibu, na kutoka kwetu kwenda sokoni ni mteremko.